Nimerudia Rosa Mistika kwenye meli ya Nansio na sasa sijui nimlaumu nani. Wewe umesoma riwaya gani karibuni?

#1 Msafiri wa Nansio
Habari za humu wakuu. Niko likizo, nimetoka Mwanza kwenda Nansio kumsalimia mama, meli masaa matatu na ushee, bando likakata kabla hata hatujaiacha Mwanza vizuri. Nikapekua begi nikakuta Rosa Mistika ya Kezilahabi niliyonunua kwa wale jamaa wa vitabu vya mtumba Posta, imekaa miezi haijafunguliwa. Basi nikasoma mpaka gatini.

Sasa niseme ukweli, hiki kitabu nilishakisoma form three, ila kukisoma kwenyewe ilikuwa kwa kuibia, kinazunguka bwenini hakina hata jalada, na tulikuwa tunatafuta zile kurasa tu mnazijua. Nilichobaki nacho kichwani ni kwamba Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi, alimpiga mtoto kwa ajili ya barua ya mvulana, mtoto akaharibika, kwisha. Leo nina mabinti wawili, mkubwa ana miaka 14, na mwezi uliopita nilimnyang'anya simu kwa sababu ya meseji ya kijana mmoja wa darasani kwao. Nimefika pale Zakaria anaishika ile barua ya Charles nikafunga kitabu nikaenda kuangalia maji.

Hoja yangu: Rosa alijiua, ila sidhani Zakaria peke yake ndiye aliyemuua. Mimi naona Regina, mama mtu, ana deni kubwa kuliko tunavyosema. Alikuwa na akili timamu na hakunywa, na aliona kila kitu. Karibuni, na kila mtu ataje alichosoma karibuni na kimemfanya nini.

#2 Kipanga wa Kurasini
Nimeweka kigoda hapa.

#3 Binti wa Shinyanga
Yaani baba anapiga, baba anakunywa, baba anafukuza, halafu lawama tunampa mama. We kaka umeenda kuangalia maji ukarudi na hiyo hoja? Regina na yeye alikuwa anapigwa mle ndani. Ulitaka afanye nini, arudi kwao akadaiwe ng'ombe za mahari? Mama yangu mzazi alikuwa Regina mtupu, alikuwa anaficha pesa ya ada kwenye debe la mtama ili sisi tusome, na mpaka leo wapo ndugu wanaosema "mama yenu alikuwa mnyonge mno". Mnyonge ambaye amesomesha watoto wanne.

Karibuni nimesoma Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, nikilala naota mashamba. Nitarudi kuieleza.

#4 Mzee wa Kiko
Salaam. Nyie mnaosema mliisoma kwa kuibia mlikuwa na raha, sisi tuliisoma ikiwa imepigwa marufuku mashuleni kabisa. Ilitoka 1971, miaka si mingi baada ya Azimio la Arusha, nchi nzima inaimba kilimo na kujenga taifa, halafu kijana mmoja wa chuo kikuu anatoa kitabu kuhusu binti anayetoa mimba. Mwalimu wetu alikuwa nayo ameifunga na gazeti la Uhuru, tukajua, tukaichukua, tukairudisha bila yeye kujua. Au alijua.

Ila mimi Kezilahabi simpendi sana, ananiachia mawazo. Mimi mtu wa Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammad Said Abdulla. Nimemaliza tena Mzimu wa Watu wa Kale juma lililopita, mara ya sita au ya saba, na bado kile kiko chake kinanifukiza.

#5 dogo_wa_HKL
Shikamoo mzee hapo juu. Niko form six. Kwa nilivyofundishwa Rosa Mistika ni ya 1974 na mwandishi alikuwa Mhaya wa Bukoba, na kilifungiwa kwa sababu ya matusi. Na mtunzi bado yupo hai anafundisha Botswana.

#6 Mkerewe Halisi
@dogo_wa_HKL mwalimu wako arudishe mshahara. Moja, 1974 ni Kichwamaji, Rosa ni 1971 kama alivyosema mzee. Mbili, Kezilahabi ni wa hapa hapa Ukerewe, kazaliwa Namagondo 1944, na Namagondo si kijiji cha kubuni, kipo, ukishuka Nansio unachukua bodaboda unafika, watu wanalima mihogo na machungwa na kuvua kama kawaida. Tatu, Botswana alifundisha kweli miaka mingi lakini amefariki Januari 2020, Dar.

Na hilo ndilo linaloniuma nikisoma kitabu chenyewe. Ninyi mnaona "kijiji", mimi naona njia ninayopita. Bibi yangu mpaka anakufa alikuwa anasema huyo mtoto alituanika.

#7 dogo_wa_HKL
Asante kwa masahihisho, nimeandika kwenye daftari. Ila la matusi sikukosea.

#8 Mzee wa Kiko
Shikamoo imeitikiwa marahaba. La matusi umekosea nusu. Matusi yapo wapi? Hebu kifungue leo, hata tamthilia za kwenye TV saa mbili usiku zinakishinda. Kwa maoni yangu kilichowauma wakubwa ni yule mkuu wa chuo. Rosa anafika chuo cha ualimu Morogoro, na anayemharibu huko ni huyo aliyekabidhiwa mabinti wa watu awasomeshe. Hapo ndipo watu walipoanza kukohoa.

#9 Nesi wa Zamu
@Mzee wa Kiko mimi nakataa, nadhani walikifungia kwa sababu ya mimba. Nilikisoma zamu ya usiku mwezi jana, wodi imetulia, nikafika pale nikashindwa kuendelea mpaka kesho yake. Miaka hii yote niliyofanya kazi nimepokea mabinti wa namna hiyo wengi, wanaletwa wamechelewa, na wanaowaleta husimama mlangoni hawaingii ndani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia "sikujua kuwa naweza kupata mimba", wote walijua. Ambacho hawakuwa nacho ni mtu wa kumwambia. Kwa hiyo hoja ya kwamba Rosa aliharibika kwa sababu hakufundishwa mambo ya wanaume, mimi naona imepinda kidogo. Alikosa wa kumwambia. Zakaria hawezi kuambiwa, Regina anaogopa, masista pale shuleni kwake Rosary ndio kabisa.

#10 Kipanga wa Kurasini
Nesi umeua. Nimekaa kimya na kigoda changu.

#11 Mwalimu wa Kitale
Hamjambo wanauzi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kenya, na naona mnazungumza kana kwamba Rosa ni wa pekee. Someni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, 1980, tuliifunza kama setibuku miaka ile. Ni ugonjwa uleule. Bwana Maksuudi ana pesa na heshima zote za mtaani, na nyumbani amemfungia bintiye Maimuna ndani kama ndege. Siku mlango unafunguka Maimuna anatoka na kuishia kwenye mabaa na wanaume. Tofauti ni mwisho. Kezilahabi anamuua Rosa, Said Ahmed Mohamed anamrudisha Maimuna nyumbani na anaolewa na Kabi. Wanafunzi wangu kila mwaka waligawanyika, wasichana walimtaka Maimuna na wavulana wakasema mwisho ule ni wa uongo, ati mwanaume gani angekubali. Nikawaambia andikeni insha, hakuna aliyeandika.

Kwa hivyo @Msafiri swali lako ningelibadilisha. Usiulize nani alimuua Rosa, uliza kwa nini mwandishi hakumwacha aishi.

#12 Bi Kisauni
Jameni mwalimu hapo umenena. Lakini wallahi kule Utengano kuna yule Bi Farashuu, watu wanamsahau. Yule ndiye aliyepanga mambo kwa kisasi chake. Mumeshaona kitabu cha pwani kisicho na bibi mmoja mwenye kisasi?

#13 Forodhani Usiku
Bi Kisauni umenichekesha peke yangu hapa. Hakuna, na mitaani kwetu pia hakuna mtaa usio naye.

Mie nlikuwa nnasoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi tena, baada ya kuiona filamu ya Amil Shivji ile ya 2021. Nlikaa kwenye kiti nikasema hii nzuri, picha nzuri, Unguja inapendeza, lakini Mwajuma wangu wapi? Mwajuma wa kitabuni anakaa mtaa wa Ng'ambo hapa Unguja, mlango wake wazi, Yasmin katoka kwenye ndoa ya yule mzee mwenye duka hana pa kwenda na Mwajuma hamuulizi kitu, anamwekea mkeka. Watu wanasema kitabu kile ni cha Denge na siasa na makaratasi ya siri. Mie nasema kile kitabu cha Mwajuma. Rosa angelikuwa na Mwajuma mmoja tu asingelikufa. Tena hapo namuunga mkono Nesi.

#14 Msafiri wa Nansio
Duh. Nimetoka kula sato nikarudi nikakuta mmenichana. @Binti wa Shinyanga nimekuelewa dada, ila sikusema Regina ni mbaya, nimesema ana deni. Mama yako alificha ada kwenye debe, huo ni upinzani tena mkubwa. Regina namuona mvumilivu tu, na kila mtu anamsifu kwa kuvumilia.

@Mwalimu wa Kitale hilo swali lako limenikalia vibaya.

#15 Binti wa Shinyanga
Ukisema deni maana yake unadai. Kamdai Zakaria kwanza.

#16 Seminari Ilinishinda
Mimi nina jibu la mwalimu. Kezilahabi alipita seminari, Nyegezi. Na mimi nilipita seminari, sitaji ipi, nilidumu miaka mitatu. Mtu aliyelelewa kule hata akiacha kanisa kichwani mwake dhambi lazima ihukumiwe, mahakama lazima ikae. Ndiyo maana mwishoni Rosa na baba yake wanasimama mbele ya Mungu kesi inasikilizwa. Kitabu kizima ni cha kisasa halafu mwisho unarudi kwenye katekisimu. Angemwacha Rosa hai hiyo kesi angeiweka wapi?

#17 Mkerewe Halisi
@Seminari hapana bwana, ukisoma ile kesi unaona kabisa kwamba haiishi. Anaileta mahakama kuwaonyesha kwamba hata huko juu lawama inazunguka. Halafu angalia vitabu vyake vilivyofuata, Kichwamaji Kazimoto anajiua, Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975 Tumaini ananyongwa. Huyu mtu alikuwa anawaua wote, wanaume kwa wanawake, waumini kwa wapagani. Hiyo ni falsafa yake, maisha hayana maana unayopewa na mtu mwingine.

#18 Kipanga wa Kurasini
Sasa wewe unayekaa Ukerewe na ziwa lote hilo unasemaje maisha hayana maana.

#19 Mkerewe Halisi
Sato wamepungua mkuu.

#20 Mzee wa Kiko
Nimecheka mpaka kiko kimezima. Ila mnaona tatizo? Kila mtu anakuja na wafu. Bwana Msa anafika, mtu ameuawa, anavuta, anauliza maswali ya ajabu, rafiki yake Najum hajaelewa, sisi hatujaelewa, na mwishoni tunajua nani kaua. Umemaliza, unalala. Muhammad Said Abdulla alishinda shindano la uandishi na hicho cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, mwishoni mwa miaka ya 50 na kikachapwa 1960, watu bado wanasoma. Huyo Rosa mmemsoma miaka hamsini na zaidi hamjajua nani kamuua.

#21 Willy wa Keko
Mzee na heshima zote, Bwana Msa ni mpelelezi wa kukaa kitini. Sisi tulikulia kwa Willy Gamba, jasusi wa kwenye vitabu vya Musiba. Nimepata Kikosi cha Kisasi ya Musiba kwa elfu nne, kurasa za katikati zimeliwa na mchwa, nikasoma hivyo hivyo, Kinshasa nzima inawaka. Baba yangu aliniambia enzi zile kitabu cha Musiba kikitoka kinapita mikono ya ofisi nzima, mwenye nacho anarudishiwa kikiwa bila jalada. Nani leo anaandika kitu mpaka ofisi nzima inagombania?

#22 dogo_wa_HKL
Hussein Tuwa. Mfadhili tunaisoma darasani na kuna wasichana walilia kabisa, si utani.

#23 Willy wa Keko
Kulia darasani si kipimo, hata hesabu zinaliza.

#24 Mswahili wa Maskati
Assalaam alaykum. Mimi nipo Muscat, wazee wangu wametoka Unguja, na Kiswahili ndicho tunachozungumza nyumbani ingawa kukisoma nilijifunza ukubwani. Nimemaliza Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022 kwa Mkuki na Nyota. Nilishaisoma kwa Kiingereza baada ya Nobel ya 2021, nikaiona nzuri, ya mbali kidogo. Kwa Kiswahili ikawa kama ninasimuliwa na shangazi. Yule Yusuf wa miaka kumi na mbili anachukuliwa na mfanyabiashara, anamwita ami, kumbe baba yake amemtoa kwa deni. Kwa Kiingereza neno uncle lilinipita tu. Kwa Kiswahili hilo "ami" linakata, kwa sababu sisi sote tuna ami wa namna hiyo ambaye si ndugu.

Naomba kuuliza walioisoma, pale mwisho kwa nini Yusuf anawakimbilia askari wa Kijerumani? Mke wangu anasema ni woga. Mimi nasema ni hasira.

#25 Forodhani Usiku
Wa alaykum salaam sheikh. Ungetuonya basi, kuna watu hawajaisoma.

Mie naona si woga wala hasira, hana kwao tena. Baba kamtoa, ami kamficha ukweli, bustani si yake. Mtu kama huyo atafuata ngoma yoyote inayopita.

#26 Nesi wa Zamu
Kwa hiyo Yusuf naye ni Rosa. Katolewa na baba.

#27 Mwalimu wa Kitale
Haya sasa, uzi umejileta wenyewe nyumbani. Na Kongowea wa Siku Njema je, ya Ken Walibora, 1996? Mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, mama anafariki, anafunga safari yote ile kuja kumtafuta babake huku kwetu Kitale. Na anampata! Nilipokuwa mvulana kitabu hicho ndicho kilichonifanya niwe mwalimu wa Kiswahili, nilishangaa kuona jina la mji wetu limechapishwa. Wakenya wa umri wangu ukitaja Kongowea wanatabasamu. Hapo baba si muuaji, ndiye mwisho wa safari.

Tulimpoteza Walibora Aprili 2020, miezi mitatu tu baada ya Kezilahabi. Mwaka mbaya ule.

#28 Bi Kisauni
Mungu awarehemu. Mimi mwanangu alikifanya Kidagaa Kimemwozea cha huyo huyo Walibora kwa mtihani, alikuwa akinisomea jikoni nikikaanga bajia, nikajua wahusika wote kuliko yeye. Yule mwalimu Majisifu aliyeiba mswada wa Amani akajiita mwandishi, nilimchukia nikaunguza mafuta.

#29 Mjomba wa Fotokopi
Mimi ndiye Majisifu wenu wa kisasa, nina stationari karibu na chuo, watu wanakuja na riwaya wanataka nakala nzima ya kitabu. Nilikuwa natoa. Siku moja kaja dada mmoja kaangalia rafu yangu, kaona kitabu fulani kimebanduliwa na kubanwa na spairo, akasema taratibu "hicho nimeandika mimi". Sikujua niweke uso wapi. Nikampa soda. Tangu siku hiyo sitoi kitabu kizima, natoa sura moja.

#30 Willy wa Keko
Sura moja moja kila siku mpaka kiishe 😂

#31 Mjomba wa Fotokopi
Sijasema mimi ni malaika.

#32 Binti wa Shinyanga
Nimerudi kama nilivyoahidi. Nyota ya Rehema, 1976. Rehema anazaliwa, baba ana mali na damu anayojivunia, mtoto haonekani kama alivyotaka, basi anakua kama kijakazi kwa baba yake mwenyewe. Anatoroka. Anaharibikiwa mjini. Halafu anakutana na Sulubu, mtu wa jembe, hana kitu, na wanajenga maisha kwenye kipande cha shamba. Hakuna kitabu kimeandika kazi ya mikono vizuri namna ile, unasikia udongo. Na hapo hapo ndugu wa upande wa baba anakuja kulidai shamba.

Sasa nina swali kwa wanaume wa uzi huu. Rosa, Maimuna, Rehema. Miaka ile ile, waandishi wanaume watatu, mmoja Ukerewe na wawili Zanzibar, wote wameandika binti aliyebomolewa na baba kisha akaenda mjini akabomolewa na wanaume. Kwa nini? Ilikuwa hali halisi au walikuwa wanasomana?

#33 Seminari Ilinishinda
Uhuru. Baba ni serikali, binti ni nchi. Rahisi.

#34 Nesi wa Zamu
@Seminari hapana, naomba tusifanye hivyo. Kila binti akiumia kwenye kitabu anageuzwa kuwa nchi. Mara nyingine binti ni binti.

#35 Mwalimu wa Kitale
Kwenye mtihani jibu la Seminari lingepata alama zote na la Nesi lingepata sifuri, na hilo ndilo tatizo la mitihani yetu.

#36 Mzee wa Kiko
Mimi nilikuwepo miaka hiyo. Shule za wasichana zilikuwa zinaongezeka, mabinti wanatoka kijijini peke yao na sanduku la bati kwa mara ya kwanza, na wazee hawajui la kufanya. Baba yangu alikataa dada yangu asiende sekondari, alishafaulu kabisa. Sababu aliyotoa ni moja, "atarudi na tumbo". Dada hakwenda. Alipata tumbo hapo hapo kijijini, kwa jirani. Sijawahi kuiandika mahali popote hadithi hii, ni ninyi mmenitoa.

#37 Kipanga wa Kurasini
Pole mzee.

#38 Bi Kisauni
Pole sana baba.

#39 Mkerewe Halisi
Na Charles mbona hamumtaji? Yeye ndiye aliyeandika ile barua ya kwanza, kipigo kikatokea kwa ajili yake. Miaka inapita anarudi kaka mzima, anataka kuoa, anagundua Rosa si bikira, anamwacha. Yeye alikuwa mtawa huko alikokuwa? Kwangu mimi aliyeshika kisu mwishoni ni Charles, wengine walinoa tu.

#40 Willy wa Keko
Kwa enzi zile angefanya nini lakini, ndugu zake wangemcheka.

#41 Binti wa Shinyanga
Achekwe na yeye. Sulubu alichekwa?

#42 Nagona Imenitoa Roho
Mpya humu. Nimesoma uzi wote toka juu. Ushauri kwa wanaotaka Kezilahabi mwingine, msiguse Nagona. Ilitoka 1990, chembamba kama daftari la mazoezi, nikasema naimaliza jioni moja. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani nimeruka kurasa, mara ya pili nikadhani mchapaji ndiye karuka, mara ya tatu nikamsomea mke wangu kwa sauti akaniuliza kama nimekula. Nikaambiwa nisome Mzingile ya 1991 ndiyo itaifungua. Imefunga zaidi.

#43 Mkerewe Halisi
Nagona isome kama ndoto ya mzee mwenye homa, usitafute kisa. Mimi naipenda kuliko zote.

#44 Nagona Imenitoa Roho
Mnaona?

#45 dogo_wa_HKL
Jamani kuna mpya yoyote lakini? Mbona wote mnasoma vitabu vya kabla sijazaliwa.

#46 Forodhani Usiku
Tafuta Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, ilishinda tuzo ya Mabati-Cornell 2018. Mwanamke kaandika, basi huyo @Binti wa Shinyanga aisome halafu aje atwambie kama swali lake limebadilika. Mie nshaisoma lakini sisemi.

#47 Willy wa Keko
Na Mimi na Rais ya Lello Mmassy, ilishinda mwaka uliofuata. Shida ni kuvipata. Ukiwa mkoani unaagiza, nauli ya basi inakaribia bei ya kitabu.

#48 Mswahili wa Maskati
Njooni mjaribu kuvitafuta Muscat. Mimi kila anayekwenda Unguja namtuma, begi linarudi na halua nusu na vitabu nusu, na forodhani wananiuliza ninauza nini.

#49 Msafiri wa Nansio
Wakuu nimepotea siku tatu, samahani. Kitabu nilikiacha kwenye kochi, mama akakiona. Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini, miwani moja mkono umefungwa uzi. Akaketi nacho nje. Jioni hakupika, tukala mkate. Kesho yake asubuhi namkuta bado anacho.

Kumbe alishakisoma zamani, akiwa binti, wakipokezana. Nikamuuliza, mama, nani alimuua Rosa? Nikamwambia kuna watu wanasema Zakaria, wengine Charles, wengine mkuu wa chuo, nikaogopa kumwambia mimi nilisema Regina. Akasema nyie mnataja watu watatu wanne, ile pombe ya Zakaria alikuwa anainywa na nani? Kijiji kizima kilikuwa kinakunywa naye, mchana wanakunywa naye, jioni wanasema masikini Rosa. Akarudi kusoma.

Halafu binti yangu mkubwa, yule wa simu, akaomba akisome. Mama amekifungia kabatini na funguo kaitia kwenye kanga. Amesema huyu bado mtoto.

#50 Nesi wa Zamu
Mama kakifungia 😂 1971 imerudi.

#51 Binti wa Shinyanga
Mwambie huyo mtoto ataje bei ya fotokopi, Mjomba yupo humu.

#52 Mjomba wa Fotokopi
Sura moja.

#53 Msafiri wa Nansio
Simu nimemrudishia, kama kuna anayetaka kujua. Sasa kesho asubuhi napanda meli ya kurudi na sina cha kusoma. Mkerewe upo Nansio?

#54 Mkerewe Halisi
Nipo. Ninayo Nagona, nakuletea gatini. Nirudishie ikiwa na jalada.

#55 Nagona Imenitoa Roho
Usipokee.